Kamera ya harusi iliyorudishwa Darajani: uchambuzi wa kisa kimoja

Mnunuzi wa kisa hiki ni msichana wa Mjini Unguja anayepiga picha za harusi upande wa wanawake. Alinunua kamera ndogo ya dijitali kwa shilingi 480,000 katika duka moja la vifaa vya umeme jirani na Darajani. Aliitumia usiku mmoja tu, ikamvunja moyo, na asubuhi yake alipoirudisha akakataliwa. Aliporudi mara ya pili alirejeshewa fedha zake, isipokuwa thamani ya memori kadi. Kamera ilikuwa ile ile na risiti ile ile, na bango ukutani halikubadilika: "Mali ikishauzwa hairudi." Kilichobadilika ni lalamiko. Ameniruhusu nikieleze kisa chake kwa urefu, na mimi nimekitaka kwa sababu nafundisha wasichana kazi hii na nawaona wakipoteza fedha za jasho lao bila sababu, haki ikiwa upande wao.

Kwanza ieleweke kwa nini alitaka kamera wakati simu anayo, tena nzuri. Harusi zetu za ukumbini, upande wa wanawake, ni mahali ambapo mtu anavua buibui na mtandio kwa amani akijua waliomo ndani ni wanawake wenzake. Picha ya simu inaweza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla biharusi hajashuka jukwaani. Ndiyo maana familia nyingine siku hizi hazitaki simu kabisa; mlangoni anasimama shangazi mmoja na mkoba, na kila anayeingia anaiweka simu yake humo. Mpiga picha wa kike mwenye kamera isiyoingia kwenye intaneti, anayemkabidhi mama wa biharusi memori kadi usiku ule ule, huyo anaaminiwa na anaitwa tena. Msichana huyu alikuwa akijenga jina la namna hiyo, na fedha za kamera alizikusanya kidogo kidogo kwa kupamba watu hina.

Kamera aliiona kwenye stetasi ya WhatsApp ya duka. Kabla ya kwenda aliandika: "Nataka ya kupigia harusi ukumbini usiku, nasimama mbali na jukwaa. Hii inavuta?" Akajibiwa: "Inavuta mara 16 kwa lenzi bibie, megapikseli 48, harusi ndiyo kazi yake." Naomba msomaji ayaweke maneno hayo akilini, kwa sababu kesi nzima imesimama juu yake. Boksi lilikuwa na namba zile zile kwa herufi kubwa: 48MP, 4K, 16X. Risiti aliyopewa ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, yenye jina la duka, tarehe, neno "kamera" na bei.

Usiku wa kwanza aliifanyia majaribio kwenye kesha la binamu yake, kazi ya udugu isiyo na malipo, na hapo alifanya busara. Ukumbi ulikuwa na taa za rangi, zambarau na nyekundu, kama kumbi zetu zote. Alisimama nyuma akavuta hadi mwisho. Nimeziona picha zile. Uso wa biharusi ulikuwa umejaa vidoa vya rangi kama mchanga, na hina ya mkononi, iliyochorwa kwa saa nzima, maua na vikuba na mistari myembamba ya vidoleni, yote imekuwa doa moja la kahawia. Huwezi kuhesabu ua hata moja. Betri nayo ilikata kabla mwali hajatolewa. Picha pekee nzuri ya usiku ule ilipigwa kwa simu ya shangazi wa mlangoni.

Asubuhi akaenda dukani, hakulala vizuri na hasira imempanda. Kaunta alikuwapo kijana aliyemuuzia.

"Kaka, hii kamera mbovu. Picha zake mbaya."

"Mbovu wapi, bibie? Inawaka?"

"Inawaka."

"Inapiga?"

"Inapiga, lakini giza tupu. Hata simu yangu inaishinda."

"Simu yako umeinunua bei gani?" Halafu akanyoosha kidole kwenye bango.

Wengi wakisikia mazungumzo haya humlaumu kijana. Mimi nasema kwamba kwa lalamiko alilopelekewa hakukosea. Aliambiwa kamera ni mbovu, akauliza maswali mawili ya ubovu, akajibiwa kuwa inawaka na inapiga. Mashine inayowaka na kupiga si mbovu. Kilichomsumbua msichana ni kwamba haikumridhisha, na hilo ni jambo jingine kabisa, lenye hukumu yake. Mtu anayechanganya mambo haya mawili humpa muuzaji njia ya kutokea, naye huifuata haraka sana.

Aliponiletea kamera tuliyapanga malalamiko yake yote mezani: picha za giza, betri, kuvuta, na zile megapikseli 48. Lililomuuma zaidi ni la giza, na ndilo lililokuwa dhaifu kuliko yote.

Sababu iko kwenye kihisi, kile kipande kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo za mfukoni zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kamera kubwa za wapiga picha wa kazi, zile zinazoitwa za fremu kamili, zina kihisi cha milimita 36 kwa 24. Ukizidisha utaona kile kikubwa kina eneo la mara 30 hivi ya kile kidogo. Ukumbini usiku mwanga ni mchache, na kihisi kidogo kinaokota mchache zaidi. Kamera inalazimika kuukuza ule uliopatikana, na katika kuukuza inakuza na takataka zake. Vile vidoa vya mchanga usoni mwa biharusi ndizo takataka zenyewe. Simu ina kihisi kidogo pia, lakini simu nzuri hupiga picha kadhaa kwa mfululizo ndani ya muda mfupi sana na kuziunganisha kuwa moja, vidoa vikafutana. Kamera ya bei hii haifanyi hivyo. Kwa hiyo kuwa na picha za giza ndiyo tabia yake, na kila kamera ya aina ile iliyobaki kwenye kabati la duka ingepiga vivyo hivyo. Angeiona kabatini, akalipa bila kuuliza kitu, asingekuwa na la kudai hapo.

La betri tuliliacha. Hakuna aliyeahidi saa ngapi, na jibu la "hukuichaji ikajaa" halina mpinzani.

Kuvuta ndiko kwenye haki. Kamera inavuta kwa njia mbili, na kila anayenunua kifaa hiki anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kwa lenzi: vioo vinasogea, kitu cha mbali kinaletwa karibu kwa vioo vyenyewe, na kihisi kizima kinaendelea kufanya kazi. Ya pili ni ya dijitali: lenzi imetulia, kamera inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua kijaze skrini. Hicho unaweza kukifanya nyumbani kwa vidole viwili kwenye simu yoyote. Kuvuta kwa dijitali mara 16 kunamaanisha umebaki na sehemu moja ya 16 ya upana na sehemu moja ya 16 ya urefu, yaani sehemu moja ya 256 ya picha nzima. Tuseme hata zile megapikseli 48 ni za kweli tupu. Gawa milioni 48 kwa 256, unapata nukta 187,500. Picha ndogo ya 640 kwa 480, ya kamera za dijitali za zamani kabisa, ina nukta 307,200. Hina ya biharusi iligeuka doa kwa sababu hiyo. Hakukuwa na nukta za kuichorea.

Na uzuri wa jambo hili ni kwamba linaonekana kwa macho, halihitaji fundi. Igeuze kamera uso wake ukutazame, bonyeza kitufe cha kuvuta, tazama kioo. Kwenye kamera hii kioo hakikusogea hata unywele na hakukusikika mlio wowote wa mota. Kisha tukafungua maelezo ya faili kwenye kompyuta: umbali wa fokasi, namba inayobadilika lenzi inapovuta kweli, uliandikwa ule ule kwa picha iliyovutwa na isiyovutwa. Muuzaji aliandika "kwa lenzi". Lenzi haivuti.

Za megapikseli tulizijaribu kwa kanga. Tuliitundika ukutani ndani ya nyumba, mchana, kamera tukaiweka juu ya meza isitikisike, tukaipiga kwa kipimo cha 12 na kisha kwa cha 48, tukakuza jina la kanga kwenye skrini ya kompyuta. Faili la pili lilikuwa na nukta 8000 kwa 6000 kama inavyodaiwa, ni kweli, na uzito wake ulikuwa mkubwa zaidi. Lakini herufi zilikuwa na ukungu ule ule. Kingo za herufi hazikuongezeka ukali hata kidogo, zimenenepa tu. Hiyo ni dalili ya kamera inayobuni nukta: inachukua zile ilizonazo na kuziba nafasi katikati kwa kukisia rangi. Mimi naona huo ni udanganyifu wa lebo na umenikera kuliko yote. Hata hivyo nilimshauri asiupeleke kaunta, kwa sababu kijana angefungua faili, angesoma 8000 kwa 6000, na mjadala ungeishia hapo mbele ya wateja wengine wakitikisa vichwa.

Kabla ya kurudi dukani tulizungumza kuhusu hukumu yenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa Visiwani tunayo elimu ya jambo hili kutoka chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni, ila tukifika Darajani tunaisahau, muuzaji na mnunuzi pamoja.

Fikihi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu za kuuza na kununua, ina mlango mzima wa khiyari, haki ya kuvunja mauzo. Iko khiyari ya kikao, inayodumu mpaka muuzaji na mnunuzi watengane. Iko khiyari ya sharti, ambapo mnasikilizana kabla kwamba mnunuzi ana muda wa kufikiri, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, muda huo hauzidi siku tatu. Iko khiyari ya aibu, pale kitu kinapokutwa na kasoro iliyokuwapo kabla ya kuuzwa. Na kwa Shafi hii ya aibu ina haraka: ukishaijua kasoro unarudisha papo hapo, na ukiendelea kutumia umeridhia. Msichana huyu aliirudisha asubuhi ya pili yake na baada ya kukataliwa hakuipigia kazi tena, isipokuwa yale majaribio ya kanga. Nilimwambia hilo lina uzito mkubwa. Ingekuwa amepiga harusi mbili tatu za malipo halafu ndiyo akumbuke kuirudisha, nisingekuwa na uso wa kwenda naye.

Lakini hadithi inayolingana zaidi na kisa chetu ni ile ya mnyama aliyefungwa kiwele. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuacha kukamua ngamia na kondoo siku kadhaa kabla ya kuuza ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo, baada ya kumkamua, ana hiari: akiridhika ambakishe, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Bukhari na Muslim wameipokea. Mnyama yule hana ugonjwa, anatembea, anakula, anatoa maziwa. Swali la "mbovu wapi?" lingemshinda mnunuzi yeyote. Hata hivyo anarudishwa, kwa sababu alionyeshwa kuwa na kitu asichonacho. Na pishi ya tende ni kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kukamua. Mnunuzi naye halipwi kwa alichokula.

Wa kurudisha kwa sababu hakipendi tu, bila kasoro na bila kudanganywa, naye hakusahauliwa, ila haki hana. Huyo anaomba, na muuzaji akimkubalia anapata fadhila. Katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Abu Daud, anayemkubalia Muislamu kuvunja mauzo, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Siku ya kwanza msichana alikuwa katika kundi hili bila kujua, naye aliingia dukani akidai, sauti juu, kitu ambacho katika hali ile kingeombwa.

Sheria ya serikali inafika pale pale kwa njia nyingine. Waingereza waliandika katika sheria yao ya mauzo ya 1893 kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake. Kwetu Zanzibar ipo Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya 2018, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara iliyoundwa kwayo, ambayo mtu anaweza kuipelekea malalamiko ya kudanganywa na mfanyabiashara. Nalisema hili kwa sababu watu husoma ushauri wa Tanzania Bara mitandaoni wakaja na jina la tume ya kule, ile ya sheria ya 2003. Sheria ile ni ya Bara. Hapa kwetu unakwenda kwenye tume yetu.

Lilikuwapo jambo la risiti pia. Muuzaji hakutoa risiti ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, na jamaa mmoja wa msichana alimshauri amtishe nalo: "Mwambie unakwenda ZRA, atakurejeshea mbio." Nilimkataza. Kama unaona kodi haikulipwa, kalitolee taarifa kwa nafsi yake. Ukilitumia kumbania mtu akupe fedha umegeuza dai la haki kuwa biashara ya kunyamaza, na ukishalipwa utanyamaza kweli. Risiti ya kielektroniki aidai kila mnunuzi pale pale anapolipa, kwa sababu inamsaidia kuthibitisha tarehe na bei.

Tulikwenda mara ya pili baada ya sala ya Alasiri, kwa kukusudia, maana saa hizo mwenye duka mwenyewe huwa amekaa. Ni mzee wa makamo, miwani ameining'iniza shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Ami, sikuja kusema kamera yako mbovu. Nimekuja kwa sababu niliyoambiwa siyo niliyopewa."

Akampa simu asome. Mzee alivaa miwani, akasoma swali, akasoma jibu, akarudi kwenye swali. Akamgeukia kijana. "Hii umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi. Lakini ndivyo boksi linavyosema."

"Boksi linasema 16X. Lenzi umeitoa wapi?"

Kijana alilichukua boksi akaligeuza pande zote. Upande wa chini, kwa herufi ndogo za kijivu, kulikuwa na maneno ya Kiingereza yanayosema ni kuvuta kwa dijitali. Hakusema kitu. Msichana akaiweka kamera juu ya kaunta ya kioo, uso wake kwa mzee, akamwomba abonyeze mwenyewe. Mzee alibonyeza kwa kidole gumba huku amekiinamia kile kioo karibu kukigusa kwa pua. Alibonyeza kwenda, akabonyeza kurudi, akabonyeza tena kwenda.

"Haiendi," akasema.

Haki ya mzee niiseme pia, kwa sababu alikuwa nayo. Mzigo ule aliununua Kariakoo, Dar es Salaam, ukavuka kwa boti. Yule wa Kariakoo hapokei marejeo, na hata angepokea, nauli na usumbufu vingekula faida ya kamera tatu. Muuzaji mdogo wa hapa amebanwa katikati: juu yake yuko mwenye kiwanda anayechapa lebo anavyotaka, chini yake yuko mteja aliyeamini lebo. Nilimwonea huruma na bado namwonea. Lakini neno "kwa lenzi" halikutoka kiwandani wala Kariakoo. Liliandikwa dukani kwake, kumjibu mtu aliyeuliza wazi.

Kwanza alitaka kubadilisha: "Chagua kitu kingine, mwanangu, spika, simu, chochote cha bei hiyo." Msichana akamjibu kwa upole kwamba anachohitaji ni kamera ya ukumbini na dukani mle hakuna inayomfaa. Hapo ndipo wengi huyumba, kwa aibu ya kumkatalia mtu mzima, wakatoka na spika wasiyoihitaji. Mauzo yakishavunjika kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli, kinachorudi ni fedha. Kubadilishana ni mauzo mapya na yanataka ridhaa mpya. Mzee alikaa kimya kidogo, akafungua droo.

Ikabaki memori kadi. Ilikuja na kamera kama zawadi, lakini dukani kadi kama ile inauzwa shilingi 25,000, na msichana hakuwa tayari kuirudisha hata kwa dawa, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na picha za kesha, wanawake bila mitandio. Alisema mwenyewe: "Kadi nikatie, ami." Ikakatwa, akahesabiwa 455,000 taslimu. Sikumfundisha lile; nadhani pishi ya tende ilikuwa bado masikioni mwake. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu lilimwondolea mzee ile hisia ya kunyang'anywa.

Suala la picha linahitaji maneno zaidi, na kwa wanaopiga upande wa wanawake ni zito kuliko fedha. Kamera nyingi zina hifadhi ndogo ya ndani, mbali na kadi. Picha chache za mwanzo za kesha zilipigwa kadi ikiwa haijatiwa, zikakaa humo. Kuzifuta kwa kitufe hakutoshi. Kamera ikifuta picha kwa kawaida huondoa jina lake kwenye orodha na kuiacha nafasi ihesabiwe wazi. Picha yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kufufua picha zilizofutwa zinapatikana kwa urahisi. Tulifanya hivi: tulizifuta, tukafomati hifadhi ya ndani, kisha tukaijaza picha za ukuta mweupe, kadi ikiwa nje, mpaka kamera ikaandika kuwa imejaa, ndipo tukafuta na kufomati tena. Majaribio yote ya kumwonyesha muuzaji yalikuwa ya kanga na kuta. Hakuna uso wa mtu uliofika kaunta. Nawaomba wenzangu wa kazi hii walifanye hilo kabla ya kurudisha, kuuza au hata kumpelekea fundi kamera yoyote, na kwa kadi iliyowahi kubeba harusi ya mtu, njia salama ni kutoitoa kabisa.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii, uliza swali lako kwa maandishi na ulitaje lengo lako ndani yake, kama alivyofanya msichana huyu. Bila ile meseji tungekuwa na hasira tu. Ukiwa dukani geuza kamera, vuta, tazama kioo. Omba muuzaji aandike nyuma ya risiti "khiyari siku tatu". Wapo watakaokataa, na ni haki yao. Wapo watakaokubali, hasa wazee, kwa kuwa wanajua wanaombwa nini.

Msichana ameongeza fedha zake na kununua kamera iliyotumika, yenye kihisi kikubwa na lenzi ya kubadilishwa, kutoka kwa mpiga picha aliyekuwa akihama. Aliijaribu usiku, ndani, taa zimepunguzwa, kabla ya kulipa.

Ile ya kwanza imerudi kabatini. Mzee ameifuta ile "lenzi" kwenye tangazo lake, na kijana sasa anawaambia wateja kwamba inavuta kwa dijitali. Lakini namba 48MP bado iko kwenye boksi, hapo na katika maduka mengine kadhaa ya mjini yanayouza mashine za namna hiyo, na mzee hawezi kuibadilisha lebo ya kiwanda. Hilo haliwezi kumalizwa kaunta na mnunuzi mmoja mmoja. Nimeziweka pamoja picha mbili za kanga, ya 12 na ya 48, na maelezo ya faili zake, kwa ajili ya malalamiko kwenye Tume. Nayaandika kwa jina langu, si kwa jina la msichana, kwa kuwa yeye na mzee wameshamalizana na sitaki lionekane ni deni jipya juu ya duka lile.